Daudi alipakwa mafuta, lakini Hebroni alikaa miaka 7

Msimu wa siasa ukiiva, makanisa mengi ya Kisumu na Nakuru hupata wageni wa viti vya mbele. Harambee ya paa inafanywa, mheshimiwa anapewa kipaza sauti, na Warumi 13 inasomwa hadi mstari wa 2: hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu, na mwenye kuipinga anashindana na agizo lake. Hapo Biblia inafungwa. Mstari wa 4, unaomwita mtawala mtumishi kwa ajili ya mema ya yule anayetawaliwa, haufikiwi.

Usomaji huo wa nusunusu umewafanya waumini wengi waamini kwamba utawala wa Kibiblia ni amri kutoka juu, na kwamba ridhaa ya watawaliwa ni mawazo ya Wazungu wasiomcha Mungu. Sikubaliani nao, na sihitaji kutoka nje ya Biblia kueleza kwa nini.

Mchukue Daudi. Nabii Samweli alimpaka mafuta Bethlehemu akiwa bado mchunga kondoo. Kama mafuta yangetosha, angeingia ikulu jioni ile. Mfalme Sauli alipokufa, watu wa Yuda walimpaka tena huko Hebroni, akatawala kabila hilo miaka 7 na miezi 6. Makabila mengine hayakuwa yake, na vita kati ya nyumba yake na nyumba ya Sauli havikuyaleta. Yaliletwa na agano: katika 2 Samweli 5 wazee wa Israeli walimfuata Hebroni, wakaagana naye mbele za Mungu, kisha ndipo wakampaka mafuta, mara ya tatu hiyo. Tazama mpangilio. Uteuzi wa Mungu ulikuwepo miaka yote, lakini kiti cha enzi juu ya Israeli kilingoja neno la wazee.

Mjukuu wake Rehoboamu alidhani hatua hiyo ni sherehe tu. Israeli walikusanyika Shekemu kumtawaza wakiwa na sharti moja: baba yako Sulemani alitutwika nira nzito, ipunguze, nasi tutakutumikia. Akaomba siku 3. Wazee wakamwambia awe mtumishi wa watu hawa leo, nao watakuwa wake daima. Vijana aliokua nao wakampa jibu la mijeledi na nge (baba yangu aliwapiga kwa mijeledi, mimi nitawapiga kwa nge), akalichukua hilo. Makabila 10 yakarudi hemani kwao. Akamtuma Adoramu, msimamizi wa shokoa, ile kazi ya lazima ambayo ndiyo iliyokuwa inalalamikiwa, naye akapigwa mawe akafa. (Kati ya watu wote wa serikali, kumtuma huyo!)

Kinachorukwa mimbarini ni mstari wa 22 hadi wa 24 wa sura hiyo, 1 Wafalme 12. Rehoboamu alikusanya jeshi kuwarudisha watu kwa nguvu, na nabii Shemaya akamzuia kwa neno la Mungu: jambo hili limetoka kwangu, rudini nyumbani. Kwa hiyo watu waliponyima ridhaa, si wao walioambiwa wanashindana na agizo la Mungu. Aliyezuiwa ni mfalme. Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kodi, ulipoondolewa tarehe 26 Juni, siku moja baada ya vijana kuingia Bungeni na wengine kuuawa kwa risasi, Shekemu haikuwa hadithi ya mbali.

Wala si usomaji wa juzi. Mchungaji wa Uskoti, Samuel Rutherford, alichapisha Lex, Rex mwaka 1644 akijenga hoja kutoka maandiko kwamba mfalme hupokea mamlaka kupitia watu na kwamba yuko chini ya sheria. Wamarekani waliandika kuhusu ridhaa ya watawaliwa mwaka 1776, zaidi ya karne moja baadaye.

Sasa niwageukie wale wa upande wa pili, wanaosema sauti ya wengi ni sauti ya Mungu. Hao nao wasome 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu alitaka shamba la Nabothi, na Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake. Yezebeli, mke wa Ahabu, hakutuma wauaji usiku. Aliandika barua zenye muhuri wa mfalme kwa wazee wa mji, mfungo ukatangazwa, Nabothi akaketishwa mbele ya watu, mashahidi wakaletwa wawili, idadi ileile ambayo Torati inadai, na wenyeji wakampiga mawe. Kila utaratibu ulifuatwa, na kila mtu alishiriki. Mtu wa Nakuru anayejua jinsi mashamba ya Bonde la Ufa yalivyobadilisha wenyewe hahitaji kufafanuliwa sura hiyo.

Ndiyo maana naipenda Katiba ya Kenya ya 2010 kuliko demokrasia ya kuhesabu vichwa pekee. Kifungu cha 1 kinawapa wananchi mamlaka yote, lakini Sura ya 4 inaweka haki ambazo wabunge hawawezi kuzifuta kwa kura zao wenyewe: Kifungu cha 255 kinalazimisha kura ya maoni. Mfalme wa Kumbukumbu 17 naye alifungwa hivyohivyo. Asijiongezee farasi, wake, fedha wala dhahabu, tena ajiandikie nakala ya sheria na kuisoma siku zote ili moyo wake usijiinue juu ya ndugu zake.

Basi kwa nini tusiandike Biblia yenyewe kuwa sheria ya nchi? Jaribu na amri moja tu, ya Sabato. Waadventista wa Nyanza watataka Jumamosi, Waanglikana na Wakatoliki Jumapili, na soko la Kibuye mjini Kisumu, ambalo siku yake kubwa ni Jumapili, litafungwa na nani? Atakayeamua hatakuwa Mungu, atakuwa binadamu mwenye tafsiri yake na polisi wake, na kumpinga kutaitwa dhambi. Utangulizi wa Katiba unamtambua Mwenyezi Mungu, na Kifungu cha 8 kinakataa dini ya taifa. Sioni mgongano hapo.

Kanda hii ina hata mfano wake wa ridhaa isiyo ya kura. Kanisa la Marafiki (Quakers), waliofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, kwa desturi yao hawapigi kura kikaoni: karani husikiliza, huandika uamuzi anaouona umeiva na kuusoma palepale, na wasipokubaliana jambo linaahirishwa. Ni njia ya polepole, na mwenye kichwa kigumu anaweza kuwachosha wenzake hadi wanyamaze. Kwa kanisa inafaa. Kwa kaunti yenye bajeti ya kupitisha kabla ya 1 Julai, hapana.

Na hapo kwenye bajeti ndipo Shekemu yetu ilipo, si kwenye debe la kila miaka 5. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kabla ya 28 Februari, makadirio kabla ya 30 Aprili. Anayengoja Aprili amechelewa, kwa sababu viwango vya matumizi vya kila idara hupangwa Februari, na baada ya hapo wadi zinagombania makombo. Peleka hoja yako kwa maandishi, utaje mradi, ukurasa na kiasi, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Maneno ya kwenye kipaza sauti hayana risiti.

Kikao chenyewe cha kukusanya maoni ya wananchi huharibika kwa njia zinazojulikana. Tangazo hutoka siku chache kabla, hati ni ya Kiingereza na ina mamia ya kurasa, afisa anaipitia kwa saa moja, na watu wanapanga foleni kutia sahihi karatasi ya mahudhurio ili wapate nauli. Karatasi hiyo ndiyo inayobandikwa nyuma ya ripoti kuonyesha kwamba wananchi walikubali.