Gramu za Bosi

Mimi ni mtu mzima ninayekula ninachoandaliwa bila kuuliza kina nini ndani yake. Hata hivyo, tangu mbwa wangu Bosi apate mwenzake, nimegeuka msomaji wa mifuko, nikisimama mbele ya rafu miwani ikiwa imeshuka puani, na kusoma viambato vya chakula cha mbwa kwa umakini ambao sijawahi kuupa mkataba wowote nilioutia saini.

Chanzo cha masaibu haya ni kwamba nina mbwa wawili wasiolingana kwa lolote. Bosi ni mzee mnene wa kilo 20, na kazi yake kubwa ni kuhama kutoka juani kwenda kivulini. Tishio ni mtoto wa miezi minne, wa aina ya mbwa wakubwa, ambaye bado hajatambua kwamba mkia anaoufukuza ni wake mwenyewe. Daktari wa mifugo alinieleza kwa upole kwamba mtoto wa aina hiyo akipewa kalsiamu kupita kiasi, mifupa yake huweza kukua vibaya, ilhali mzee asiyetembea anahitaji nishati kidogo tu, asije akazidi kunenepa. Akaongeza kwamba mbwa mwenye afya huonekana kiuno ukimtazama kutoka juu, na mbavu zake hupapasika bila kutafutwa. Nilimwitikia kwa kichwa huku nikivuta shati langu lifunike tumbo.

Basi nikaenda kununua mifuko miwili, na hapo ndipo nilipokutana na fasihi. Mfuko wa kwanza uliandika kwa fahari kwamba kiambato chake cha kwanza ni kuku. Nilifurahi mpaka nilipofahamu kwamba viambato hupangwa kwa uzito wa kabla ya kupikwa, na kwamba nyama mbichi ya kuku ni maji kwa zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake. Maji hayo hukaushwa kiwandani, lakini kuku haondolewi kileleni mwa orodha. Anabaki palepale kama mwenyekiti aliyemaliza muda wake akakataa kuachia kiti.

Makopo nayo yana lugha yake. Kwa kanuni za Marekani, kopo linaloitwa nyama ya ng'ombe kwa ajili ya mbwa sharti liwe na ng'ombe asilimia 95, bila kuhesabu maji yaliyoongezwa. Likiitwa mlo wa ng'ombe, asilimia 25 inatosha. Likisema kwamba ni chakula chenye ng'ombe, asilimia 3 imetosheleza sheria. Na likisema lina ladha ya ng'ombe, hakuna asilimia inayodaiwa kabisa, mradi ladha hiyo iweze kutambulika, yaani ng'ombe anaweza kuwa alipita karibu na kiwanda akaendelea na safari zake. Nilisimama pale nikijiuliza ni ladha ipi itakayompendeza Bosi, kiumbe ambaye asubuhi ya siku hiyo alikuwa amekula soksi.

Kisha yakaja mahesabu. Ukitaka kujua nishati anayohitaji mbwa akiwa amepumzika tu, unachukua uzito wake kwa kilo, unauinua kwa kipeo cha 0.75, halafu unazidisha kwa 70. Mara ya mwisho mimi na vipeo tulionana darasani, na hatukuagana vizuri. Nikafundishwa njia ya mkato: chukua uzito mara uzito mara uzito, tafuta kipeuo cha pili, kisha ukitafute tena, ndipo uzidishe kwa 70. Kwa Bosi nikapata kilokalori 662 hivi, nikajipongeza, halafu nikaambiwa jibu hilo bado linazidishwa kulingana na umri na shughuli za mbwa. Shughuli za Bosi nimekwisha kuzitaja.

Nikanunua mizani ya jikoni na kikombe cha plastiki cha kupimia. Kila asubuhi napima punje, kisha natoa uzito wa kikombe kitupu, ambao sasa naujua kuliko siku ya kuzaliwa ya mke wangu: gramu 31.

Shemeji yangu alipoiona mizani alicheka mpaka akaketi. Yeye anaamini kwamba mbwa ni mbwa mwitu aliyefunguliwa mlango tu, na kwamba dawa ni nyama mbichi na mifupa. Nilimjibu kwa adabu, kwa kuwa shemeji ni shemeji, kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa mbwa mwitu wana nakala mbili tu za jeni inayohusika na kumeng'enya wanga, ilhali mbwa wetu wana kuanzia nne hadi thelathini, na kwamba nyama mbichi inaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, ambayo mbwa huileta moja kwa moja usoni pako kwa ulimi. Akanitazama kwa muda, akauliza, "Shemeji, na wewe una nakala ngapi?" Mfupa uliopikwa, ambao hupasuka vipande vyenye ncha, nilimnyang'anya Tishio kabla shemeji hajamaliza kuagana.

Nyumbani kwangu sasa kuna orodha ya marufuku mlangoni pa jikoni: chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu vya kila aina, na chochote chenye sukari mbadala iitwayo ksilitoli. Wanangu wanaiheshimu orodha hiyo. Mke wangu pia anaiheshimu, ila kwake kisichoandikwa kimeruhusiwa, na kwa hiyo vitafunio vinavyopaswa kutozidi asilimia 10 ya kalori za siku hutolewa kwa kipimo cha macho ya Bosi. Macho ya Bosi hayajawahi kushiba.

Lakini hayo yote ningeyavumilia kama kila mmoja angekula chakula chake. Nikiweka bakuli mbili, Bosi huenda moja kwa moja kwenye la mtoto, akajijenga mifupa asiyoihitaji, na Tishio hukimbilia chakula cha wazee, akala kwa heshima zote kama mstaafu. Nikiyabadilisha mabakuli, nao hubadilishana. Siku hizi Bosi hula barazani, Tishio hula jikoni, na mimi huketi mlangoni katikati yao nikiwa na sahani yangu iliyopoa.

Jana niliinuka dakika moja tu kupokea simu. Niliporudi, wote wawili walikuwa wamelala bega kwa bega, wenye amani ambayo sijawahi kuiona kati yao, na mbele yao kulikuwa na mpini na vipande vya kikombe. Daktari aliagiza niwalete mara moja, akauliza ni kiasi gani kilichomezwa. Nikavikusanya vipande, nikaviweka juu ya mizani: gramu 19. Nikamjibu bila kusita kwamba wamekula gramu 12, nikaongeza kwamba sina hakika ya kilokalori.