Jukwaa langu lilifufuliwa na swali la choo

Nilianzisha jukwaa la mtandaoni la maswali ya ujenzi, nikalifungulia vyumba kumi na vinne. Cha msingi, cha kuta, cha mbao, cha manjanja ambayo ndugu zetu wa Tanzania huyaita mabati, cha rangi, cha umeme, cha maji, cha hati za viwanja, mpaka cha "mengineyo", na kile cha kujitambulisha ambamo kila mgeni angetuambia yeye ni nani na anakaa mtaa gani. Kwa wiki tano aliyeandika humo alikuwa mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Nilijitambulisha. Nikajikaribisha.

Nia yenyewe haikuwa mbaya. Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, ni mji wa watu wanaojenga tena. Lava ya mlima wa volkano Nyiragongo ilipita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002 na kufunika sehemu ya njia ya ndege. Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena jioni na kusimama kule Buhene, mlangoni mwa mji. Katikati ya miaka hiyo tumejenga, tumebomoa, tumejenga. Ujuzi wa kuweka nyumba ya mbao juu ya jiwe jeusi lenye makali ya wembe uko vichwani mwa mafundi waashi, tena wengi wao wazee. Nilitaka uwe mahali ambapo mtu anaweza kuurudia kesho.

Tayari mnaniuliza: makundi ya WhatsApp je? Niko katika makundi tisa, sijayakimbia. Lakini jibu zuri lililoandikwa humo Jumanne, Alhamisi liko chini ya matangazo ya harusi, maombi ya asubuhi na odio ambayo hakuna anayejua imetoka kwa nani. Kundi lilikuwa na mwisho wa watu 256, mwaka 2022 ukapandishwa hadi 512, kisha 1,024, na watu wakashangilia. Mimi sikuona cha kushangilia. Watu wakiongezeka, jibu linazikwa mapema zaidi, basi.

Wiki ile ya Mei 2021 ndiyo iliyonifundisha. Tarehe 27, tulipoambiwa tuhame, wengine wakaelekea Sake, wengine wakavuka kwenda Gisenyi, Rwanda, na simu zote zikawa zinaungua. Swali lenye maana lilikuwa moja tu: njia ya Sake inapitika? Mtu aliyekuwa njiani alijibu vizuri sana, akataja hata mahali magari yalipokwama. Dakika kumi baadaye swali lilelile likaulizwa tena, na tena, na badala ya jibu lake ikawa inarudi odio ya mtu anayelia kuhusu gesi iliyo chini ya Ziwa Kivu. Yule aliyejibu hakurudia. Ningekuwa yeye nisingerudia pia.

Basi nikajenga jukwaa, na nikakosea kama wanavyokosea karibu wote wanaoanza. Nilidhani kazi ni kutafuta watu. Nikatuma kiungo kila kundi, nikabandika karatasi kwenye milango ya maduka ya simenti ya Birere, nikapata wanachama arobaini. Sikuwa nimesoma alichoandika Jakob Nielsen, mtaalamu wa tovuti, mwaka 2006: kwamba mahali pa namna hii, katika kila watu 100, kwa kawaida 90 wanasoma tu, 9 wanachangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayeandika sehemu kubwa ya yote. Piga hesabu ya arobaini wangu. Haifiki nusu mtu.

Na watu arobaini waliotawanywa katika vyumba kumi na vinne hawaonani. Kwetu watu wanakaa kwenye barza ya nyumba jioni, na kila anayepita anasikia sauti, anasimama, anauliza kuna nini. Sijawahi kuona uwanja mmoja wenye barza kumi na nne. Mgeni akiingia akakuta viti vitupu kila upande anadhani kuna msiba au kuna deni, anarudi alikotoka bila kupiga hodi.

Kuna dawa moja inayosifiwa sana. Walioanzisha Reddit, jukwaa la Marekani, mwaka 2005 wameeleza wenyewe kwamba mwanzoni waliweka habari kwa majina ya uongo ili pasionekane patupu. Nikaijaribu. Nikatengeneza watu watatu: kijana wa Majengo, papa mmoja (yaani baba) mstaafu, na mama wa Himbi anayeuliza bei za rangi. Siku ya pili mdogo wangu akaja na simu mkononi, akaniita kama tunavyomwita mkubwa wetu: "Yaya, huyu mama wa Himbi anaandika simenti kwa c kama wewe." Nikawaua wote watatu usiku uleule. Huko Marekani huenda hila hiyo haina madhara, maana ilikuwa ni kuweka viungo vya habari tu. Hapa, mtu anayekuja kuuliza kama ukuta wake utaanguka anataka kujua anayejibu ni fundi au ni mimi nimevaa kanga ya mama.

Kilichotufufua ni choo. Mtu wa Ndosho aliandika, kwa Kiswahili chetu kilivyo: "Wapendwa, choo banachimbaka namna gani mu mawe ya volkano? Nimeisha vunja piki mbili." Piki ni sululu. Hakujitambulisha, na aliliweka swali katika chumba cha rangi.

Sikuwa na jibu. Ningeweza kuandika maneno ya busara yasiyo na maana, kama nilivyokuwa nikifanya wiki tano. Badala yake nikapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, nikaenda kwa papa mmoja mwashi niliyemjua kwa sababu alijenga ukuta wa kanisa letu. Simu yake ni ile ya vitufe, intaneti haimhusu. Nikamsomea swali. Akacheka kuhusu zile piki mbili, kisha akaniambia kwamba anayechimba choo kwenda chini mjini hapa anapigana na mlima. Chimba mpaka magotini, pale ambapo jiwe linakubali. Yaliyobaki yapandishe juu: kuta za mawe yaleyale uliyovunja, simenti ndani pasivuje, sakafu juu yake, halafu ngazi. Choo cha kupanda. Akataja na upande wa kuacha mlango wa kutolea uchafu siku kikijaa, ili gari au watu wenye madumu wafike bila kupita jikoni. Niliandika kila neno, nikaongeza picha mbili ndogo, maana hapa watu wananunua mega kidogokidogo na ukurasa mzito haufunguki, na nikaweka wazi kwamba maneno si yangu, ni ya fundi.

Baada ya siku nne jibu hilo lilikuwa limesomwa na watu wengi kuliko yote niliyoandika tangu mwanzo. Mmoja wao alipinga, akasema ngazi ni shida kwa bibi yake. Mwingine akaleta vipimo vya ngazi pana yenye mkono wa kushikia. Sikuwajua. Walitafuta tu kwenye Google "choo mawe Goma" wakatukuta, jambo ambalo kundi la WhatsApp haliwezi kulifanya hata likiwa na watu milioni.

Nikafunga vyumba kumi na vitatu. Kilichobaki nikakiita "Uliza fundi".

Tangu hapo msimamo wangu ni huu, na najua wenzangu wa mambo ya kompyuta wananicheka: anayeanzisha jukwaa asihangaike na wanachama kabla hajawa na uhakika wa nani atajibu. Watatu wanaojua kitu wanatosha, hata kama hawaandiki wenyewe na wewe ndiye karani wao. Kuhusu programu za kuendeshea jukwaa sina maneno mengi. phpBB ni ya zamani na nyepesi, Discourse ni nzuri na inataka kompyuta yenye nguvu zaidi, zote mbili huzilipii kuzipata. Nimeona watu wakibishana miezi mitatu kuhusu programu na rangi za kurasa huku hawana swali hata moja.

Jambo jingine ni lugha. Kanuni zetu za kwanza niliziandika kwa Kifaransa cha ofisini, kwa kuwa nilidhani ndicho kinacholeta heshima. Kilileta ukimya. Fundi anayejua kila kitu kuhusu nondo hataki kusahihishwa sarufi mbele ya watu.

Kukua nako kuna ubaya wake ambao hakuna aliyenionya. Siku moja redio ilitutaja, na ndani ya wiki tukapata watu kama mia mbili. Wazee wa Usenet, ile mitandao ya majadiliano iliyoanza mwaka 1980 kwenye vyuo vya Marekani, walikuwa na shida hiyo kila Septemba: wanafunzi wapya wanaingia, wanavuruga, wanafundishwa adabu, ndani ya wiki chache mambo yanatulia. Mwaka 1993 wageni kutoka kampuni za intaneti wakaanza kumiminika bila kukoma, na wenyeji wakasema Septemba ile haikuisha. Yangu ilidumu siku tisa. Kwenye uzi wa bei ya mbao mtu akauliza wanaoziuza ni kabila gani, akajibiwa, na ile bei ya mbao haikutajwa tena.

Nilifuta, nikafunga kujiandikisha, nikabaki na wale wa zamani. Niliambiwa nimeua jukwaa. Nilikuwa namkumbuka David Kobia, Mkenya aliyekuwa na jukwaa la Mashada, ambaye Januari 2008, machafuko ya baada ya uchaguzi yalipoingia kwenye kurasa zake na chuki za kikabila zikawashinda wasimamizi, alilifunga. Mwaka huohuo akawa mmoja wa waliojenga Ushahidi, tovuti ya kukusanya taarifa za machafuko hayo kwenye ramani. Mwenye nyumba asiyeweza kufunga mlango wake hana nyumba, na katika mji huu wetu sitaki kusikia habari za uhuru wa maoni kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kulala ndani akisikiliza barabara.

Uhuru ninaoujali zaidi ni wa yule anayeuliza asijulikane. Maxence Melo wa JamiiForums, jukwaa la Tanzania lililoanza mwaka 2006, alikamatwa Desemba 2016 kwa kukataa kuwapa polisi majina ya watumiaji wake. Nilipokuwa kijana nilidhani ni ubishi wa Dar es Salaam. Sasa kwangu hakuna mahali pa kujaza namba ya simu, wala jina la kweli, wala mtaa, na kile chumba cha kujitambulisha nilikifuta kabisa pamoja na kila kilichokuwa ndani. Kisichoandikwa hakiwezi kudaiwa. Tangu Januari 2025, mji ulipochukuliwa na waasi wa M23, hakuna mtu wa Goma aliyeniomba nilieleze hilo mara mbili.

Bado tuko wadogo. Jina la tovuti nalilipia kwa pesa ya kutengeneza simu, na mtandao ukilala siku mbili ninaulizwa kama nimehama. Papa mwashi sasa ana msaidizi, binti yake wa mwisho, ambaye anamsomea maswali jioni na kumwandikia majibu, na siku hizi mzee ananipigia kulalamika kwamba wiki hii maswali ni machache au ni ya kijinga.

Jana aliyeandika ni mtu mwenye kiwanja kule Buhene, juu ya lava ya 2021. Anauliza kama anaweza kusimamisha nyumba ya manjanja humo, au jiwe lina mashimo chini ambayo hayaonekani. Binti amemsomea baba yake. Mzee amesema jiwe hilo hawezi kulijibia akiwa amekaa kitini, lazima alione na kuligonga. Nimeshaongea na wa moto, anatuchukua saa moja asubuhi.