Dumu la Njano Halikuletwa na Lenzi

Wiki iliyopita nilikaa Mwanjelwa, Mbeya, na kijana mmoja mpiga picha za harusi, ambaye kazi yake naiheshimu, nikamwonyesha picha ya bibi yangu niliyoipiga Tukuyu. Bibi amesimama mlangoni pa nyumba yake ya matofali ya kuchoma, mkono mmoja umeshika mwimo, khanga imefungwa kwa heshima zote, na ukungu wa asubuhi umeshuka hadi kwenye migomba ya pembeni. Ukingoni kabisa mwa kulia limejichomeza nusu dumu la maji la njano. Kijana aliitazama picha, akalicheka lile dumu, akaniambia: "Kaka, hiyo lenzi ya marehemu ipeleke makumbusho. Nunua mpya." Chai ilinishinda.

Lenzi aliyoisema ni ya milimita 50, ya kufunga kwa skurubu, niliyoachiwa na baba yangu mdogo aliyekuwa na studio Iringa. Naitumia kwa adapta, yaani pete ya kuiunganisha na kamera, kwenye Leica M8 niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Kamera hiyo ilitoka mwaka 2006, na sababu yangu ya kuitaka ni moja tu: inapokea karibu lenzi zote zilizotengenezwa kwa ajili ya familia ya kamera za Leica M tangu M3 ya mwaka 1954, na kwa adapta hata za skurubu zilizoitangulia. M9 ya mwaka 2009, yenye sensa (kile kipande kinachonasa picha) ya ukubwa kamili wa fremu ya filamu, naisoma tu kama wengine wanavyosoma habari za mwezini.

Sasa tuseme ukweli. Lenzi ile imeleta nyuzi za khanga, mikunjo ya vidole vya bibi na hata ufa mdogo ulio juu ya kizingiti. Haikulikaribisha dumu. Aliyenidanganya ni mstari wa fremu, ule unaoonyesha picha itaishia wapi, nami nilidanganyika kwa sababu sikuwa nimejifunza tabia yake. Kwenye renjifainda, yaani kamera ya aina hii, hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia kidirisha cha pembeni chenye mistari ya mwanga, na unapofokasi mistari hiyo husogea kwa mshazari kufuata mahali lenzi ilipo. Husogea, lakini haibadiliki ukubwa. Lenzi nayo, kadiri unavyofokasi mbali, ndivyo inavyorudi karibu na sensa na kuona eneo pana zaidi. Kwa hiyo mistari inaweza kusema kweli kwa umbali mmoja tu, na kwenye M8 umbali huo ni sentimita 70. Ni nani anayempiga bibi yake picha akiwa sentimita 70 kutoka puani mwake? Mimi nilisimama kama mita nne, na kwa mita nne kamera inachukua zaidi ya inavyokiri. Watengenezaji wenyewe walilitambua hilo, kwani M8.2 ya mwaka 2008 ilikuja na mistari iliyopangwa kwa mita mbili.

Baada ya aibu ile nilifanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Jirani yangu ana ukuta mrefu wa matofali usiopigwa plasta, nami nilichukua chaki nikaweka alama mahali mistari ya fremu ilipoishia, kwanza kwa sentimita 70, kisha mita moja, mbili na nne. Jirani alitoka akiwa amevaa kandambili moja, akakuta mtu mwenye futi na chaki ukutani kwake, na kwa namna nyumba za barabarani zinavyopigwa alama ya X nyekundu siku hizi, ilinichukua robo saa kumtuliza. Kwa karibu, picha na mistari vilikubaliana. Kwa mita nne, mistari ilinionyesha matofali manane kwa upana, na picha ikaleta manane na nusu. Nusu tofali hiyo ndiyo dumu la bibi. Tangu siku ile, nikiwa mbali, najua kwamba ukingo halisi uko nje ya mstari kwa takriban unene wa mstari wenyewe mara kadhaa, na jicho limezoea kama linavyozoea giza.

"Si ukate tu kwenye kompyuta?" Hilo ndilo jibu la kila mtu, na nakubali, kwa shingo upande, kwamba dumu lile linakatika kwa sekunde tatu. Lakini pale uwanjani nilisogea hatua moja kushoto kwa ajili ya dumu, nikaona kwenye mistari kwamba limetoka, nikaridhika. Hatua hiyo ilipoteza mstari wa migomba uliokuwa ukishuka vizuri hadi begani kwa bibi, na haikuliondoa hata dumu lenyewe. Kukata kutanitolea dumu. Hakutanirudisha mahali nilipopaswa kusimama. Mpiga picha anaamua kwa miguu kabla hajaamua kwa kidole, na miguu hufuata kile jicho linachoamini kuwa ndicho ukingo. Nyinyi mnaopiga picha 2,000 kwenye sendofu moja na kuacha programu ifikiri kwa niaba yenu mnaweza kuendelea kucheka.

Na wale wanaosema lenzi ya milimita 50 "imekuwa 67" kwenye kamera hii, kana kwamba imerefuka, naomba wapumzike. Lenzi haikukua, sensa ya milimita 27 kwa 18, iliyo ndogo kuliko fremu ya filamu, ndiyo inayokata kingo, na mistari ya M8 imekwisha kulizingatia hilo.

Adapta ni habari nyingine. Yenyewe ndiyo inayoiambia kamera iwashe mistari ipi, na rafiki yangu wa Uyole aliuziwa adapta ya bei poa inayowasha mistari ya lenzi za milimita 28 na 90 huku ameweka lenzi ya 50. Miezi miwili alilaumu macho yake. Kwa sasa anashikilia kishikio cha kamera cha kuchagulia fremu kwa kidole kila anapopiga, mpaka apate adapta sahihi.

Kasoro za kamera hii nazijua, wala sihitaji kukumbushwa. Inapokea miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, kupita kiasi, na niliwahi kupiga kwaya iliyovaa majoho meusi ya poliesta, wakatoka zambarau kama bilinganya, mwenyekiti akadhani ni utani. Dawa yake ni filta mbele ya lenzi, nami ninayo. Lenzi ya baba mdogo nayo ikielekezwa jua la jioni upande wa mlima Loleza hufanya utando mweupe, na hapo natumia kiganja.

Jumamosi narudi ukutani na lenzi ya 35, mvua ikiruhusu. Jirani amekubali, kwa sharti kwamba chaki niifute mwenyewe kabla mkewe hajarudi kutoka sokoni.