Siku AC Iliposhusha Mahari ya Dada

"Washeni AC," alisema Baba, na nyumba nzima ikashtuka.

Ilikuwa Jumamosi ya Februari, saa nane mchana, Mbagala, na wazee wanne wa Kinyamwezi walikuwa wamekuja kumposa dada yangu. Anayeijua Dar mwezi wa pili hahitaji kuelezwa. Nyuzi 33 kivulini, unyevu wa bahari juu yake, shati limekugandia mgongoni kabla hujamaliza kufunga vifungo. Na wageni wetu walikuwa wamevaa kanzu, na juu ya kanzu makoti. Mnyamwezi akija kuposa Uzaramoni anataka heshima yake ianze kuonekana kule kituo cha daladala.

AC yenyewe Baba aliinunua mtumba kutoka ofisi fulani iliyokuwa inahama mjini. BTU 12,000 (ndicho kipimo cha nguvu ya kupoza), nyeupe, kubwa, na tangu ifungwe ukutani imekuwa pambo. Inakula uniti moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa saa, wakati mwingine na zaidi, na Baba ni mtu anayezima taa ya choo wewe ukiwa bado ndani. Rimoti analala nayo chini ya mto. Mara ya mwisho iliwashwa sikukuu ya Idi, na hata siku hiyo tuliambiwa tuvute hewa kwa adabu.

Sasa nieleze kidogo kuhusu Mjomba. Mjomba aliwahi kuishi Muscat akiendesha lori la maji, na kwa kuwa kule kila chumba kina AC, ukoo wetu umemkabidhi idara yote ya baridi. Friji ikikataa, anaitwa Mjomba. Mtoto akipata mafua, anaitwa Mjomba. Na kwenye orodha ya mahari alikuwa amekiingiza kipengele kwa mkono wake mwenyewe, chini ya mkaja wa Mama na kilemba cha Baba: "Kilemba cha Mjomba, shilingi laki mbili." Akakipigia mstari.

Alipokea rimoti kutoka kwa Baba kwa mikono miwili, akabonyeza, akatangaza, "Ukitaka ipoe haraka, weka kumi na sita." Ikalia *ti*, mdomo ukafunguka, na hewa ikatoka. Hewa ya moto, yenye harufu ya soksi na udi wa miaka yote ambayo Mama amefukiza sebuleni.

"Itapoa," alisema Mjomba. "Inajikusanya."

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani toka enzi za misafara ya pembe, ile iliyokuwa ikishuka kutoka Tabora hadi pwani. Kwa hiyo kikao cha mahari kati yetu hakiendi bila faini. Kawaida sisi wenye binti ndio tunaopiga. Mmechelewa, faini. Hodi yenu haikusikika, faini. Mshenga amekohoa wakati shangazi anaongea, faini. Tulikuwa tumejiandaa kuwanyoa watu wale mpaka nauli ya kurudi. Hatukujua kwamba siku hiyo wembe ungeshikwa na upande wa pili.

Mshenga mkuu, mzee mnene mwenye baraghashia iliyotarizwa vizuri, alijifuta jasho, akatazama AC, akatutazama sisi. "Watani," alisema taratibu, "sisi kwetu Tabora mgeni anapewa maji ya kunywa. Ninyi mnatufukiza. Faini, elfu hamsini." Akamgeukia kijana waliyekuja naye, aliyekaa pembeni kabisa mwenye kidaftari. "Andika."

Kijana akaandika. Huyo kijana alikuwa hajasema neno toka salamu. Shikamoo, shikamoo, akakaa, akafungua kidaftari.

Simu ikatetemeka mfukoni. Dada, kutoka chumbani: "Mmefikia wapi?"

Nikamjibu: "Tuko kwenye AC."

Mara nje ya dirisha pakasikika *ta!* na ngurumo ya mashine ya nje ikakatika. Mjomba akanikonyeza niende kuangalia. Nilipozunguka nyuma ya nyumba nilikuta godoro la futi tano kwa sita limesimamishwa kuegemea mashine ya nje, limeifunika uso mzima. Mama alilianika asubuhi kwa ajili ya wageni wa kulala. Sasa mashine ya nje kazi yake ni kutupa joto lililotolewa ndani. Ukiiziba pua inalirudia joto lake lenyewe, inachemka, mpaka kompresa inajizima isije ikaungua. Nililivuta godoro. Upande mmoja lilikuwa la moto kama limetoka kupigwa pasi.

Baada ya muda kompresa ikanguruma tena, na sebuleni pakatokea muujiza. Ubaridi! Wa kweli! Shangazi akajifunga khanga ya pili. Mshenga mkuu akalegeza uso, akasema mtani akiamua anaweza. Baba akachukua nafasi hiyo kutaja milioni mbili, na hakuna aliyeguna. Tukashusha pumzi. Mkaja wa Mama ukapita. Kilemba cha Baba kikapita. Mjomba akavuta kiti mbele maana kipengele kilichofuata kilikuwa chake.

Ndipo upepo wa AC ukaanza kufifia. Haukuzimika, ulikuwa unapungua tu, ukawa unatoka kwa kinyongo, na ndani ya mashine pakawa na mlio wa kukwaruza, *krr, krr*. Nilichungulia kwa chini nikaona kitu ambacho sikutegemea kukiona Mbagala: barafu. Nyeupe, nene, imejaa kwenye vile vibati vyembamba vya ndani.

"Gesi," alisema Mjomba bila kuinuka. "Gesi imeisha."

(Hii kauli nimeisikia kwa mafundi wote walioigusa AC ile. Haipoi, gesi. Inapiga kelele, gesi. Rimoti imeanguka, gesi. Baba ameshalipia gesi ya kutosha kuanzisha kituo.)

Mjomba akaizima, akasema ipumzike. Kimya kikatanda. Mshenga mkuu akaendelea na hotuba yake kuhusu undugu, na alipofika kwenye "damu zetu zinakwenda kuchanganyika", tone la maji likatua katikati ya baraghashia yake.

Akanyamaza. Akaangalia juu. La pili likamwingia jichoni.

"Ni baraka hiyo, mzee wangu," alisema Baba haraka. "Kwetu mvua ikinyesha kwenye posa ni heri."

"Heri hii inanuka, mtani. Faini. Elfu hamsini nyingine."

Kijana akaandika.

Matone yakawa michirizi. Mama akaleta beseni, shangazi akaleta sufuria ya pilau iliyokuwa imeoshwa, wageni wakasogeza viti huku na mimi nikisogeza meza ya soda. Dada: "Mbona viti vinaburuzwa? Wanaondoka??" Nikamjibu: "Hapana. Wanakwepa." Akanitumia alama za kuuliza nane.

Hapo Mjomba akasimama. Akatangaza mbele ya wazee kwamba tatizo amelijua, ni mpira wa kutolea maji umeziba, na kule Muscat kitu kama hicho hakichukui dakika moja. Na kwa kweli hapo alikuwa sahihi, nampa haki yake. AC ya ukutani kwenye mji wenye unyevu kama Dar inaweza kukamua hata lita nzima ya maji kwa saa kutoka hewani. Maji hayo yanadondokea kwenye trei nyembamba ndani ya mashine, halafu yanatelemka kwa mpira hadi nje. Mpira ukiziba, trei inajaa, na sebule ndiyo inayopokea. Shida ilikuwa kwenye tiba.

Tukatoka nje. Nikashika stuli, Mjomba akapanda, akaukamata ule mpira mweupe unaoning'inia ukutani, akaufuta ncha kwa kanzu, akauingiza mdomoni. Nikamwambia, "Mjomba, kwani ukipuliza, yale yaliyoziba yatakwenda wapi?" Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto wa kidato cha pili. Akavuta pumzi. Mjomba huyu ujanani alipiga tarumbeta kwenye brasi bendi. Akapuliza.

Kutoka ndani nilisikia sauti ya sebule nzima ikisema "Heee!"

Nilikimbia kuingia. Mshenga mkuu alikuwa amesimama, mikono ameitanua mbali na mwili. Kutoka kola ya koti mpaka kifuani alikuwa amechorwa mstari wa ute mweusi unaong'aa, ule ukungu mzito unaoota kwenye maji yaliyolala gizani. Tone moja lilikuwa kwenye ndevu. Lingine lilikuwa limetua kwenye barua ya posa, hasa juu ya neno "heshima". Mama alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika, na sikuweza kujua analia au anacheka. Baadaye alidai alikuwa analia.

Mjomba akaingia anajipangusa mdomo. "Imetoka?"

"Imetoka," alisema mshenga mkuu.

Nilitegemea wataondoka. Badala yake mzee yule alivua koti polepole, akalikunja, akaketi, na kwenye uso wake nikaona furaha ya mtani aliyeokota dhahabu barabarani. Koti, laki moja. Barua kuchafuliwa, elfu hamsini. Kumpulizia mate ya mjomba mzee wa ukoo, laki na nusu, "na hiyo nimepunguza kwa sababu ya undugu." Kalamu ya kijana ilikuwa haipumziki. Baba alijaribu kupinga kwamba mate hayakufika, yaliyofika ni maji ya AC. Mshenga akamwomba alete ushahidi.

Tulikuwa tumeshatelemka hadi milioni moja na laki sita, kilemba cha Mjomba bado hakijaguswa, ndipo yule kijana akafunga kidaftari, akasema kwa sauti ya chini, "Wazee, samahani. Naomba bisibisi, ndoo, na pampu ya baiskeli kama ipo."

Kumbe kijana ana kibanda kule mtaa wa Gerezani. Fundi friji na AC. Muda wote ule upande mmoja wa kidaftari alikuwa anaandika faini, upande wa pili anaandika ugonjwa. Nilikuja kuliona lile karatasi: "Godoro. Filta. Mpira. Gesi HAPANA."

Kwanza alikwenda kuzima swichi kubwa ukutani, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelikumbuka. Kisha akafungua mdomo wa AC kwa vidole viwili tu, bila bisibisi, akachomoa filta mbili. Mimi nilidhani filta ni za kijivu. Alipopitisha ukucha, kipande kizima cha vumbi kikabanduka mithili ya blanketi, na chini yake neti ilikuwa nyeupe. Vumbi la barabara, nyuzi za khanga, mafuta ya vitumbua na moshi wa udi vilikuwa vimeshikana. Hewa haipiti pale, akaeleza huku akizisugua kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Isipopita, vile vibati vya ndani vinapoa kupita kiasi, unyevu unagandia juu yake, na barafu ikishajaa ndiyo hewa inazibwa moja kwa moja. Ukizima, barafu yote inayeyuka kwa mpigo.

"Na gesi?" aliuliza Mjomba.

"Mzee wangu, gesi hailiwi. Inazunguka mle mle ndani ya mabomba, miaka na miaka. Ikipungua ujue kuna tundu, na fundi anayejaza bila kulitafuta tundu atarudi tena mwezi ujao."

Baba alimtazama Mjomba kwa muda mrefu.

"Na kumi na sita?"

"Nayo haiharakishi. Mashine hii inapoa kwa kasi ile ile, ukiweka kumi na sita au ishirini na tano. Tofauti ni kwamba kwenye kumi na sita haifiki, kwa hiyo haipumziki, LUKU inakwenda tu."

Neno LUKU lilimchoma Baba kuliko mahari yote. Akaichukua rimoti mkononi mwa Mjomba bila kusema kitu, akaitia mfukoni.

Halafu ikaja pampu ya baiskeli, tuliyoiazima kwa jirani. Nilimwambia kijana kupuliza tumeshajaribu. Akacheka. Akaifungua, akachomoa mti wake, akaitoa ile washa ya ngozi iliyo mwishoni, akaigeuza kichwa chini, akairudisha. Pampu ile sasa ilikuwa inavuta. Akaiunganisha na ncha ya mpira, akakaza kwa kipande cha tambara, akavuta mara kadhaa, *fyuu, fyuu*, akaichomoa, ukatoka ute, halafu ukakwama, halafu *plopu!* Ndani ya ndoo akaanguka mjusi, amekakamaa, mkia umekunjwa vizuri kabisa. Kisha maji yakaanza kutiririka yenyewe, membamba na safi. Akamalizia kwa kumimina maji ya vuguvugu kwenye trei kutoka ndani, yote yakatokea nje.

AC ikawashwa kwenye ishirini na tano. Ikapoa, upepo ukafika hadi kwenye pazia la chumbani.

Mshenga mkuu akamwuliza kijana mbele yetu, "Ufundi wako ni kiasi gani?"

Kijana akafungua kidaftari, akapitisha kalamu kwenye orodha ya mahari, akasimama kwenye mstari wa mwisho, ule uliopigiwa mstari.

"Laki mbili," alisema.

Mjomba akaruka. Akasema hiyo ni dhuluma, kusafisha filta hakuwezi kufika bei hiyo hata Muscat. Shangazi akamwuliza kama angependa tuongelee habari za mate. Akakaa.

Simu ikatetemeka. Dada: "Nimesikia baridi imefika. Mwambieni huyo fundi kabla hajaondoka aangalie na feni ya huku chumbani, inazunguka kizembe."

Nikausoma ujumbe kwa sauti. Wazee wa pande zote mbili wakamgeukia kijana.

"Hiyo itakuwa kapasita, kile kidude kinachoipa feni nguvu ya kuzunguka," alisema akichukua bisibisi. "Kwa shemeji ufundi ni bure. Ila kapasita mnanunua nyie."