Papa, Gari Umeuza?

Leo ni mama muuza mandazi wa hapa Majengo. Kaniona juu ya baiskeli, akadhani gari nimeuza, akashika shavu: "Pole papa, Mungu hamtupi mtu." Akaniongezea andazi la bure! Mimi, mtu wa kiti cha mbele kanisani!

Ni daktari kanipandisha baiskeli. Tensheni, yaani presha ya damu, imepanda, eti Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Waje wazipige hapa Goma, juu ya mawe ambayo volkano ya Nyiragongo ilitumwagia mwaka 2002. Makalio yangu yangewajibu.

Motari na pikipiki zao wananipigia honi. Watoto wanaimba. Hayo nimezoea.

Lakini barabara ya Kibati! Napanda, ulimi nje, nasikia nyuma krii, krii. Kijana anasukuma chukudu, baiskeli ya mti ya kubebea mizigo. Mbao tupu, halina pedali wala mnyororo, na linanipita. Akasimama kwa adabu.

"Shikamoo papa. Unaenda kuleta makala?"

"Hapana."

"Viazi?"

"Sileti kitu."

Akatazama kikalio cha nyuma, akainama akatazama na chini. "Sasa unaenda wapi?"

"Nafika pale juu, nageuza."

Akanyamaza kidogo. "Nani anakulipa?"

Nikamweleza moyo, mishipa, mafuta ya damu. Akasikiliza mpaka mwisho, masikini, kisha akasema: "Papa, kama unatafuta jasho tu, shika hili. Mie nikushikie baiskeli."

Ningekataaje? Nimeshamwambia natafuta jasho. Nikasukuma. Yeye mbele juu ya baiskeli yangu, anapiga mluzi, anasalimia watu, kengele ngri ngri! Mimi nyuma na shati langu la pasi, kifua juu ya usukani wa mti, miguu inateleza kwenye changarawe. Na nani anapita juu ya pikipiki saa hiyohiyo? Mzee wa kanisa. Akavua kofia kabisa.

Jioni akina mama wa kwaya wakafika kutupa pole, na sufuria ya sombe, kisamvu chetu. Mke wangu alilia kwanza, akauliza baadaye. Sombe nimekula, ilikuwa na mawese mengi, yaleyale niliyokatazwa. Lakini sufuria ya watu hairudi tupu, mnajua. Sasa mke wangu anadai pesa ya makayabu, samaki wa chumvi, ayatie humo. Makayabu, kwa bei hii! Na kifuniko hakionekani, na mmoja wao keshatuma mtoto kukiulizia.