Somo la Mbinu za Utafiti Lianzie kwa Farasi

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa saikolojia hukutana na mbinu za utafiti zikiwa zimepangwa kama bidhaa dukani: hojaji, mahojiano, ushuhudiaji, jaribio, kila moja na faida zake na hasara zake. Huzikariri, huzitapika kwenye mtihani, na miaka miwili baadaye huzinakili katika sura ya tatu ya tasnifu yake, karibu neno kwa neno, kutoka kwa aliyemtangulia. Simlaumu, maana nami sura yangu ya tatu niliiandika vivyo hivyo. Ninachodai ni kwamba mpangilio huo unaficha jambo ambalo sehemu kubwa ya mbinu hizo zilibuniwa kulikabili, yaani kwamba mtafiti naye ni mtu, na huacha alama zake ndani ya kile anachokipima hata akiwa mwaminifu kupindukia. Ningekuwa na sauti katika mtaala, kipindi cha kwanza kingekuwa cha farasi.

Farasi huyo aliitwa Hans, mali ya Wilhelm von Osten, mwalimu wa hisabati aliyestaafu jijini Berlin. Ukimwuliza saba na tano ni ngapi, aligonga ardhi kwa ukwato mara kumi na mbili, kisha akatulia. Mzee hakutoza kiingilio, na hata watu wengine walipouliza yeye akiwa hayupo, Hans aliweza kupatia. Mnamo Septemba 1904 tume ya watu 13, akiwamo mwanasaikolojia Carl Stumpf pamoja na daktari wa mifugo na meneja wa sarakasi, ilitamka kwamba haikuona hila yoyote. Na kweli hila haikuwapo. Hapo ndipo wengi wetu tungefunga daftari.

Oskar Pfungst, mwanafunzi wa Stumpf, hakulifunga. Alibadilisha jambo moja na mengine akayaacha yalivyo, akatazama kitakachotokea. Kwangu hilo linaeleza maana ya jaribio kuliko fasili zote nilizowahi kukariri. Safari nyingine muulizaji alijua jibu, safari nyingine alishika kadi yenye namba ambayo mwenyewe hakuiona. Ninalolipenda zaidi ni hili: von Osten alimnong'oneza farasi namba moja, Pfungst akamnong'oneza nyingine, kisha Hans akatakiwa azijumlishe, hesabu ambayo hakuna binadamu pale aliyejua jibu lake. Muulizaji alipojua jibu, Hans alipatia karibu mara 9 kati ya 10. Asipojua, hata mara 1 kati ya 10 ilikuwa taabu. Alipozibwa macho asimwone muulizaji, ujuzi wake uliporomoka vilevile. Kumbe kila aliyeuliza aliinama kidogo kuutazama ukwato, na hesabu ilipofika alikotarajia, kichwa chake kiliinuka kwa kiasi kidogo mno, bila yeye kujijua. Pfungst mwenyewe, hata baada ya kuigundua siri hiyo, alishindwa kujizuia. (Hans alipokosa mfululizo alikasirika, na Pfungst aling'atwa zaidi ya mara moja, gharama za namna hiyo sijawahi kuziona katika sura ya tatu yoyote.)

Ukishamjua Hans, huhitaji kukaririshwa kwa nini anayepima matokeo afichwe nani yuko kundi lipi. Mwaka 1963 watafiti Robert Rosenthal na Kermit Fode waliwapa wanafunzi panya wa kawaida, wengine wakaambiwa panya wao ni werevu na wengine kwamba ni wazito wa kujifunza. Panya walioitwa werevu ndio walioonekana kujifunza vizuri zaidi.

Najua jibu nitakalopewa: hayo ni mambo ya maabara, sisi huku tunatumia hojaji. Basi nami niseme la hojaji. Niliwahi kuajiriwa kuzijaza vijijini, katika utafiti kuhusu malezi. Swali mojawapo liliuliza mzazi humchapa mtoto mara ngapi: mara nyingi, mara chache, au kamwe. Bibi mmoja alinijibu huku akichagua mawe katika ungo wa choroko, na macho yake, niligundua nikiwa nimechelewa, hayakuwa kwenye choroko bali kwenye ncha ya kalamu yangu. Alianza, "Mara nyi...", kalamu ikasita juu ya kisanduku, naye akageuza hapo hapo: "Mara chache, mwanangu. Andika mara chache."

Nilimwuliza, "Bibi, ni mara chache kweli?"

Akacheka. "Si ndiyo unayoitaka?"

Kuanzia nyumba iliyofuata nilisoma swali kalamu ikiwa mfukoni, nikaandika baada ya jibu kukamilika. Jioni nilimweleza msimamizi, nikapendekeza hojaji za asubuhi ile, kumi na nne kwa hesabu yangu, ziwekwe kando. Alizipokea, akakagua kama kila kisanduku kimejazwa, akazichanganya na nyingine.