Kabla Hujagusa Programu, Tazama Ufa

Juzi kuna mtu kaniandikia. Sahani yake ya kioo, aliyoiunda kwa kuyeyusha vipande vya kioo pamoja, imepasuka tanurini, anataka nimpe "programu sahihi", yaani ratiba ya tanuri ya kupanda na kushuka joto. Nikamuuliza ufa umepita wapi. Hajui. Kingo zake je, kali au zimelainika? Hakuangalia. Basi nitumie picha tuone. "Vipande nilishatupa."

Nilitamani kulia. Ushahidi wote kautia jalalani, sasa anataka nimpigie ramli. Lakini hasira zangu haziko kwake, yeye bado mgeni kwenye shughuli hii. Ziko kwa wale wenyeji watatu waliomjibu kabla yangu, wote kwa kauli moja: poza polepole zaidi. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza sahani ilikuwa na unene gani. Hakuna aliyeuliza kioo kilitoka wapi. Poza polepole zaidi, kwaheri.

Hii kauli imekuwa dawa ya kila maradhi. Kioo kimepasuka? Poza polepole. Kimeota ukungu mweupe usoni? Poza polepole. Mtu anaongeza saa mbili, kinapasuka tena, anaongeza nne, kinapasuka tena, na tanuri linakunywa umeme usiku kucha kwa ajili ya tatizo ambalo halijawahi kuwa la kupoza.

Vipande vilivyopasuka vinasoma­ka. Havihitaji mtaalamu wala mashine.

Anza na kingo za ufa. Usipitishe kidole, tafadhali, ukucha unatosha. Kama kingo ni kali, kioo kilipasuka wakati kinashuka joto au baada ya kutoka. Kama zimeviringika, zimelainika kama ukingo wowote uliopita motoni, basi kilipasuka wakati kinapanda, kikiwa bado kigumu, halafu programu ikaendelea kama kawaida na moto ukazilainisha kingo za ufa pamoja na kila kitu kingine. Mara nyingine vipande huwa vimeshikana tena upande mmoja na kuachana upande wa pili. Ukiona hivyo, achana kabisa na mjadala wa kupoza. Sahani yako ilikwisha kupasuka saa nyingi kabla hatua hiyo haijaanza! Dawa iko mwanzo wa programu: ulipanda kwa pupa.

Na wanaopanda kwa pupa ni wengi, hasa raundi ya pili. Vipande vya milimita 3 vilivyopangwa juu ya rafu vinavumilia mengi, kwa sababu kila kimoja kinatanuka kivyake. Vikishayeyuka vikawa bamba moja la milimita 6 au 9, bamba hilo haliwezi tena kurudishwa motoni kwa mwendo uleule. Ukiliweka juu ya kalibu nzito ya kauri, kingo zimening'inia hewani na sehemu nyingine imekaa juu ya udongo baridi, upande mmoja unapata moto na mwingine unabaki nyuma. Hapo hata mwendo wa nyuzi 150 za Selsiasi kwa saa unaweza kuwa mwingi.

Kwenye kulaza kioo ndani ya kalibu, yaani kukilegeza kwa moto mpaka kichukue umbo lake, kingo zinaweza kukudanganya kidogo, kwa kuwa nyuzi 650 hazilainishi ukingo kama 800. Hapo kuna kipimo kizuri zaidi: jaribu kuvirudisha vipande pamoja. Vikikutana sawasawa, mstari kwa mstari, bakuli lilipata umbo kwanza ndipo likapasuka. Visipokutana tena, kila kipande kimejikunja kivyake na katikati pamebaki pengo lenye umbo la ajabu, vilikuwa vimeshaachana kabla ya kulala. Nusu dakika tu, na umeshajua nusu ya programu usiyotakiwa kuigusa.

Sasa njia ya ufa, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Ufa unaokatiza kila kitu bila kujali rangi wala muundo, na mara nyingi ukapinda kama ndoano unapokaribia ukingo, hapo ndiyo, zungumza habari za kutuliza kioo, yaani kukikalisha kwenye joto moja ili mkazo wa ndani uishe, na kupoza. Lakini ufa unaotembea sambamba na kipande kimoja, unaozunguka duara jekundu ulilobandika katikati au kufuata mstari mweusi mwanzo hadi mwisho bila kuuvuka, unakwambia jambo lingine. Vioo hivyo viwili havielewani. Kimoja kinasinyaa kuliko mwenzake. Na vioo visivyoelewana huwezi kuvipatanisha kwa subira. Poza kwa saa tano, poza kwa siku tano, poza mpaka mwezi uandame. Ule mkazo hautokani na haraka, unatokana na vitu viwili vilivyoshikana ambavyo havitaki kuwa na ukubwa mmoja vikishapoa. Mwendo wa polepole utavifikisha kwenye ugomvi uleule kwa kuchelewa tu.

Kuna jamaa yangu mmoja aliteswa na jambo hili msimu mzima. Sahani zake zote zilikuwa zinapasuka kando ya utepe mwekundu. Kila mara utepe mwekundu. Programu yake ilikuwa imerefuka ikawa kama hotuba ya mgeni rasmi. Nikamuuliza ule mwekundu kaupata wapi. Mfuko wa mabaki, wa bei nafuu, hauna lebo, ila muuzaji kamhakikishia kwamba "vyote ni 90".

Vyote ni 90! Tuongee kuhusu hiyo namba, maana inaabudiwa kuliko inavyostahili. Ile 90, kama ilivyo 96, ni wastani wa kutanuka kwa kioo kikiwa katika joto la chini, hadi kama nyuzi 300. Mkazo baina ya vioo viwili huanza kujifunga juu zaidi ya hapo, karibu na nyuzi 500, pale kioo kinapoacha kuwa laini na kuanza kuwa kigumu. Huko mnato wake nao una kauli. Vioo viwili vinaweza kuwa na namba moja kwenye lebo na vikagombana, kwa kuwa kimoja kimekaza mapema na mwenzake bado analegalega. Ndiyo maana kampuni ya Bullseye ya Portland, Oregon, iliyoanza 1974, haiishii kwenye namba inaposema vioo vyake vinaelewana. Inayeyusha vipande vidogo juu ya kioo kisicho na rangi, kisha inatazama mkazo kwa filta za polaraizi, zile zinazopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu. Watengenezaji wenyewe wanapima kwa macho, halafu sisi tunanunua mfuko usio na lebo kwa neno la mdomo.

Kipimo hicho unaweza kukifanya mezani leo. Chukua ukanda wa kioo kisicho na rangi ambacho ndicho msingi wa kazi zako. Weka juu yake vipande vidogo, ukubwa wa ukucha, vya kila kioo unachokitilia shaka, ukiviachanisha. Weka na kipande cha kioo hichohicho cha msingi, kiwe shahidi. Yeyusha kabisa, tuliza vizuri, acha kipoe hadi joto la chumba. Halafu fungua kompyuta yenye skrini ya LCD, weka ukurasa mweupe mtupu, simamisha ukanda mbele yake. Vaa miwani ya jua ya polaraizi na uinamishe kichwa mpaka skrini igeuke nyeusi. Tazama pembeni ya kila kipande. Palipo giza, pana amani. Palipo na mwanga unaong'aa kwenye kona kama mbalamwezi, hao wawili usiwakutanishe. Na yule shahidi wako wa kioo cha msingi naye aking'aa, basi kosa liko kwenye kupoza, rudia kipimo chote kabla hujamtuhumu mtu.

Jamaa yangu alipofanya hivyo, utepe mwekundu uling'aa kila kona. Sikumwambia neno. Muuzaji wake ndiye niliyekuwa na maneno naye, lakini hayaandikiki.

Kwa wale wa chupa na vioo vya madirisha, sheria ni hiyohiyo kwa ukali zaidi. Chupa moja inaelewana na nafsi yake. Chupa na chupa, pima kwanza. Kioo cha dirisha juu ya kioo cha sanaa cha 90 au 96, usijisumbue.

Haya, nikubali kidogo, maana najua mtanijia juu. Ndiyo, kuna wakati kupoza polepole ndilo jibu, na wanaofanya kazi nene wana haki ya kunipigia kelele. Jedwali la Bullseye lenyewe linaonyesha jinsi mambo yanavyobadilika: bamba la milimita 12 linakaa saa mbili kwenye nyuzi 482 kisha linashuka kwa nyuzi 55 kila saa katika hatua ya kwanza, lakini la milimita 25 linakaa saa nne na kushuka kwa nyuzi 15 tu kila saa. Unene umeongezeka maradufu, mwendo umepungua karibu mara nne. Na kazi isiyo na unene sawa, yenye vipande vilivyoshikizwa tu juu bila kuyeyuka kabisa na kuacha vilima na mabonde, inatulizwa kama vile ni nene mara mbili ya sehemu yake nene kuliko zote. Wengi wanalisahau hili na wanaumia. Sawa. Nimekubali. Lakini hata hapo ushauri wenye maana ni unene kwanza, jedwali baadaye. "Polepole zaidi" bila unene ni porojo.

Halafu kuna mahali ambapo polepole inakuharibia kazi. Kutoka kilele, tuseme nyuzi 804, hadi kwenye nyuzi za kutuliza, kioo kinatakiwa kishuke upesi kadiri tanuri linavyoweza lenyewe, kifuniko kikiwa kimefungwa. Ukizembea kati ya nyuzi 760 na 700 unakikaribisha kile kigaga cheupe, kioo kinapojaribu kugeuka fuwele juu ya uso wake. Kikichanganyika na alama za vidole, mafuta ya kikata kioo na vumbi la mashine ya kusaga, ndiyo hivyo tena. Kwa hiyo yule aliyeambiwa apoze polepole ili ukungu uondoke, ameelekezwa akauongeze. Osha kioo, kaushe, shika kwa kingo. Ukungu ukiwa upande wa chini, sitaki hata kuusikia: hiyo ni poda ya rafu, ile inayozuia kioo kisigande, uliyoichoma mara ya pili bila kuikwangua na kupaka upya.

Povu kubwa katikati ni hewa iliyokosa njia ya kutoka, kaa nusu saa karibu na nyuzi 650 kabla ya kupanda kileleni. Kingo zilizoota miiba na sahani iliyosinyaa kiunoni ni tabaka moja la milimita 3 ulilolipeleka kwenye moto kamili, na kioo kikiachiwa kinapenda kujikusanya hadi karibu milimita 6. Hapa programu haina hatia, ongeza tabaka.

Na tafadhali msiniletee hoja ya "lakini skrini ya tanuri ilisema 482". Skrini inasema joto la hewa kwenye ncha ya kipima joto, pale ilipochomekwa. Kioo kiko chini huko, juu ya rafu, na kona moja ya rafu inaweza kuwa na joto zaidi kuliko nyingine. Weka vipande vidogo vya tabaka mbili kwenye kona nne na kimoja katikati, peleka hadi joto la kushikiza tu, kisha linganisha kingo zake. Kona moja itakuwa imeviringika kama peremende, nyingine bado ina pembe kali. Ukishaiona hiyo ramani ya tanuri lako, utaacha kukopa programu za watu kama unavyoacha kukopa viatu.

Kwa hiyo ukitaka nikusaidie, usinitumie programu kwanza. Nitumie picha ya kila kipande, moja kutoka juu, moja ya ukingo wa ufa kwa karibu. Niambie unene kwa milimita, jina la kioo na nani alikitengeneza, na kama ilikuwa raundi ya kwanza au ya pili. Vipande vihifadhi kwenye boksi na tarehe juu yake. Na ile sahani iliyong'aa kila kona mbele ya skrini usimpe mtu zawadi, hata kama imekaa kabatini wiki nzima bila kupasuka. Inaweza kungoja mpaka siku itakapotiwa chakula cha moto.